SHERIA ISIYO NA ASKARI

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipokuwa yakienea duniani, mabaraza mengi ya wananchi wa asili wa Kanada yalifanya jambo ambalo mzee yeyote wa mji angalilifanya. Yalifunga njia. Yaliweka vizuizi barabarani, yakatunga sheria kwamba mgeni asiye na shughuli ya lazima asiingie, na mwenye kukaidi atozwe faini. Sababu walikuwa nazo: nyumba zao zimejaa watu kupita kiasi, hospitali ziko mbali, na katika mataifa mengine lugha yenyewe imebaki vinywani mwa wazee wachache ambao maradhi yale yaliwatafuta wao kwanza. Basi alipotokea mtu akapita kizuizini kwa ubishi, baraza lilipiga simu kwa polisi. Na mahali pengi jibu lililorudi lilikuwa hili: sheria hiyo ni yenu, sisi hatuisimamii.

Wasomaji wetu watauliza: je, sheria hiyo ilikuwa ya uwongo? La, haikuwa ya uwongo hata kidogo. Na hapo ndipo penye kisa tunachotaka kukieleza leo, kwa kuwa kinahusu kila taifa lililopata kuambiwa kwamba sasa limepewa mamlaka yake, likaenda kuyatumia, likakuta kwamba limepewa karatasi.

Kanada inayo Sheria iitwayo Sheria ya Wahindi, iliyopitishwa mwaka 1876. Wahindi hao si wa Bombay. Ni wenyeji wa bara la Amerika, ambao wazungu wa kwanza waliwapa jina hilo wakidhani wamefika Bara Hindi, na kosa lile la mabaharia halijafutwa katika vitabu vya serikali mpaka leo. Wengi wao hujiita Mataifa ya Kwanza, nayo yapata zaidi ya 600. Sheria ile haikutungwa nao. Ilitungwa juu yao, na kwa muda mrefu ilikuwa ndiyo kamba ya shingoni mwao. Imerekebishwa mara nyingi. Katika hiyo itumikayo leo kuna kifungu cha 81, nacho chasema kwamba baraza la kila taifa laweza kutunga sheria ndogo kwa ajili ya rizavu yake: juu ya afya, magari, utulivu, fujo, visima, wachuuzi, hata ufugaji wa nyuki na kuku, na tena juu ya kuwaondoa na kuwaadhibu watu waingiao ndani ya ardhi bila ya haki. Adhabu ya juu kabisa ni faini ya dola 1,000 au kifungo cha siku 30. Mwaka 1985 kikaongezwa kifungu kingine, kwamba taifa laweza kupiga marufuku vileo katika ardhi yake ikiwa wapiga kura wake wamekubali. Haya si maneno ya barazani. Ni maneno ya Bunge la Ottawa lenyewe.

Hata hivyo kwa miaka mingi palikuwa na bawabu mlangoni. Baraza likitunga sheria yake ndogo, lilipaswa kumpelekea Waziri nakala katika muda wa siku nne, kisha lingoje siku 40, na Waziri aliweza kuitupa akipenda. Mwezi wa Desemba 2014 mamlaka hayo ya Waziri yalifutwa, na watu wakasema kwamba jambo kubwa limetendeka. Kweli lilitendeka. Tangu siku hiyo baraza latunga sheria, laitangaza, nayo inakuwa sheria. Kumbe bawabu ameondoka mlango wa mbele, amekwenda kukaa mlango wa nyuma.

Tazameni jinsi mambo yanavyozungushwa. Baraza likimwita polisi, polisi husema: nikimkamata mtu huyu, hakuna mwendesha mashtaka atakayemfikisha mbele ya hakimu, kwa nini nijisumbue? Baraza likienda kwa mwendesha mashtaka wa Ottawa, huambiwa kwamba sheria hizi ndogo si kazi yake. Likienda kwa yule wa jimbo, huambiwa kwamba mambo ya wananchi wa asili ni ya Ottawa. Na polisi wenyewe wana mabwana wawili. Polisi wa Kifalme wa Kanada, wale wa makoti mekundu na farasi ambao picha zao huuzwa kwa watalii, ni polisi wa taifa zima. Lakini katika majimbo mengi wanafanya kazi ya polisi wa jimbo kwa mkataba, ambao jimbo hulipa asilimia 70 ya gharama na Ottawa 30. Ukiwa unataka kulalamika, utalalamika kwa nani? Kila mmoja anakuonyesha nyumba ya jirani.

Wala tusidhani kwamba hizi ni hadithi za wapiga domo. Mwezi wa Juni 2021 kamati ya Bunge la Kanada ihusikayo na mambo ya wananchi wa asili ilitoa ripoti nzima juu ya jambo hili hili, baada ya kuwasikiliza machifu, polisi na wanasheria.

Lipo taifa la K'ómoks, katika kisiwa cha Vancouver, pwani ya magharibi. Hili halitumii tena vifungu vya ardhi vya Sheria ya Wahindi; limeingia katika utaratibu ulioanzishwa na mapatano ya mwaka 1996 na sheria ya mwaka 1999, ambao unaliruhusu taifa kuandika sheria zake lenyewe za ardhi. Likaziandika. Kisha pakawa na watu waliokaa katika ardhi yake bila ya haki na wasitake kuondoka. Taifa likataka washtakiwe kwa sheria ile. Serikali haikutoa mwendesha mashtaka. Ikalazimu taifa lenyewe limwajiri wakili kwa fedha zake ili afanye kazi ambayo katika mji jirani hufanywa na serikali kila siku kwa fedha za umma. K'ómoks waliweza. Wapo wasioweza, na walanguzi wa madawa ya kulevya wanawajua vizuri ni akina nani. Mlanguzi aliyefukuzwa na baraza leo, akajua kwamba hakuna wa kumshika, atarudi kesho mchana kweupe na kupaki gari lake mbele ya nyumba ya chifu.

Basi sasa tuingie katika jambo lenyewe. Yasemwa kwamba polisi wana shaka: hawana hakika kama sheria za mabaraza ni sheria kamili, na askari mwema hawezi kumkamata mtu pasipo hakika. Neno hilo lingalikuwa zuri kama polisi hawa wangalizaliwa jana. Lakini walizaliwa mwaka 1873. Waliundwa na kupelekwa katika nyika za magharibi kabla walowezi hawajaenea huko, na kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa kuwatawala wenyeji. Twaweza kuuliza, kwa hiyo, walipokuwa wakiwashika wananchi wa asili katika miaka ile, shaka hii waliiweka wapi?

Mwaka 1885 palitokea vita katika nchi za magharibi, vita ambavyo Wametisi walivianza wakiongozwa na Louis Riel, na baadhi ya Wakrii nao wakaingia. Serikali ikashinda, ikamnyonga Riel. Baada ya hapo ikaletwa amri kwamba mwenyeji asitoke katika rizavu yake bila ya kibali. Kibali kilitolewa na Bwana Shauri wao, aliyeandika mtu anakwenda wapi, kwa shughuli gani, na siku ngapi. Anayetaka kumwona mtoto wake shuleni alihitaji kibali. Anayetaka kuuza kuni mjini alihitaji kibali. Asiye nacho alirudishwa na askari wa koti jekundu, na mkaidi aliweza kunyimwa posho ya chakula, katika nchi ambayo nyati waliokuwa chakula chake walikuwa wamekwisha malizwa.

Wasomaji wetu wa Kenya ambao wazee wao walitembea na kipande shingoni, ndani ya kikopo chake cha chuma, wanaijua habari hii bila ya kusimuliwa. Lakini iko tofauti moja. Kipande kilikuwa na sheria yake, sheria mbaya, lakini iliyoandikwa na kupigwa muhuri mwaka 1915. Kibali cha Kanada hakikuwa na sheria yoyote. Bunge halikukipitisha kamwe. Kilikuwa kinyume cha mikataba ambayo Malkia alikuwa amekwisha tiliana na mataifa hayo. Wakubwa walijua hivyo. Hata mkuu wa polisi hao, Herchmer, mwaka 1893 aliwaagiza askari wake waache kuwarudisha watu pasipo na sheria ya kuwaruhusu. Twampa haki yake kwa hilo. Lakini Mabwana Shauri waliendelea kudai vibali kwa miaka mingi baada yake, na mwenyeji wa kawaida angejuaje kwamba karatasi ile haina nguvu, wakati aliyemwomba ana bunduki?

Kwa hiyo tunayo haki ya kusema hivi. Palipokuwa hapana sheria, askari alikuwapo. Leo sheria ipo, askari hayupo.

Na hayo ni ya kibali tu. Tangu mwaka 1885 mpaka 1951 ilikuwa ni kosa la jinai kufanya potlachi, ile sherehe ya watu wa pwani ya Pasifiki ambamo mwenye mali humpa kila mgeni kwa cheo chake, na ndoa, majina na urithi hushuhudiwa mbele ya kadamnasi. Tungaliweza kuiita mahakama na ofisi ya ndoa na hati za mali, yote pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1921 watu walikusanyika katika kisiwa kimoja karibu na Alert Bay wakaifanya kwa siri. Polisi wakapata habari. Watu 45 walishtakiwa, wengine kwa kosa la kutoa hotuba na wengine kwa kucheza ngoma, na wengi wakaenda jela. Vinyago na shaba zao zikachukuliwa, nyingine zikaishia katika majumba ya makumbusho. Hapo hakuna aliyesema kwamba ni kosa dogo lisilostahili mwendesha mashtaka.

Tangu mwaka 1920 sheria ilipowalazimisha watoto kwenda shule za bweni, askari hao hao walikuwa ndio wa kuwafuata waliotoroka na kuwarudisha. Mkuu wao aliomba radhi kwa jambo hilo mwaka 2004. Tena tangu mwaka 1927 mpaka 1951 ilikuwa marufuku kuchanga fedha za kumlipa wakili wa kudai ardhi yao pasipo idhini ya serikali. Fikirini: mtu ananyang'anywa shamba, kisha kuchanga fedha ili alidai inakuwa hatia.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya kale, na askari wa leo hahukumiwi kwa dhambi za babu yake. Ni kweli, wala hatumhukumu. Tunachosema ni kwamba serikali haikukosa farasi, wala askari, wala jela, wala hakimu, siku ilipotaka sheria ifuatwe ndani ya rizavu. Nasi hapa kwetu tuliyaona. Tanganyika, chini ya ile Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926, chifu aliweza kutoa amri juu ya pombe, juu ya kulima, juu ya mambo mengi, na ikaitwa sheria ya wenyeji. Ole wake aliyeivunja! Tarishi alifika, na nyuma ya tarishi alikuwapo Bwana Shauri, na nyuma ya Bwana Shauri alikuwapo polisi. Mkoloni hakuona shida yoyote ya kusimamia sheria ya wenyeji madhali sheria hiyo ilitoka kwake ikapita tu kinywani mwa chifu. Sheria ni msumeno, wasema watu wa mahakamani, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu wa Kanada umenolewa upande mmoja.

Sasa tuwe waadilifu tuzitazame hoja za upande wa pili, maana si zote za kudharauliwa. Mataifa ni zaidi ya 600, na askari kijana aliyehamishiwa rizavu asiyoijua hawezi kuzijua sheria za baraza kama hakuna aliyempa wala kumfundisha. Hiyo ni kweli, lakini dawa yake ni kumfundisha. Hatujasikia kwamba polisi huacha kusimamia sheria za manispaa kwa sababu manispaa ni nyingi. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Baraza laweza kuwa na mabaya yake. Chifu aliyeshinda uchaguzi kwa kura chache aweza kumfukuza mpinzani wake akamwita mlanguzi, au kumtenga mwanamke aliyeolewa nje, na askari akatumiwa kulipiza visasi vya ukoo. Sisi tuliozaliwa katika miji yenye mabaraza hatuwezi kujifanya hatuyajui hayo. Ndiyo maana pahitajika hakimu asiyekula sahani moja na baraza, na nafasi ya rufani. Lakini basi ni kazi ya mahakama kuipima sheria na kuitupa ikiwa ni mbovu. Polisi anayekataa kuisimamia hajaipima. Ameizika hai, na yule mpinzani aliyeonewa hapati hata pahala pa kukata rufani, kwa kuwa shauri halikufika popote.

Na iko hoja ya tatu, ambayo haitoki kwa serikali, inatoka kwa wananchi wenyewe. Wapo wasemao: baada ya yote yaliyotendeka, kwa nini tumwombe koti jekundu alinde sheria zetu? Tuwe na polisi wetu. Sisi twaafiki. Wamohawk wa Kahnawà:ke, karibu na Montreal, wana walinzi wao wa amani na mahakama yao, na sheria zao haziozi kabatini. Tangu mwaka 1991 upo mpango wa serikali wa kusaidia polisi wa Mataifa ya Kwanza, ambao Ottawa hutoa asilimia 52 na jimbo 48. Ni mpango mzuri kwa karatasi. Kwa vitendo, fedha zake zimekuwa za kutolewa kwa hisani, mkataba mfupi baada ya mkataba mfupi, na polisi wa wananchi wamefanya kazi kwa bajeti ambayo mji wa wazungu usingeikubali. Taifa la Pekuakamiulnuatsh, kando ya Ziwa Saint-Jean katika jimbo la Quebec, lilikuwa likilipa upungufu wa polisi wake kwa fedha zake nyingine mwaka hata mwaka, na jimbo likikataa hata kuzungumza. Taifa likaenda mahakamani. Tarehe 27 Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Kanada ilikata shauri kwamba Quebec haikuzungumza kwa nia njema, kwamba heshima ya Serikali yenyewe imo ndani ya mikataba kama hiyo, na kwamba ilipe zaidi ya dola 760,000.

Jambo hili si la heshima tu. Tarehe 4 Septemba 2022 mtu mmoja aliwaua watu kumi kwa kisu katika rizavu ya Wakrii wa James Smith, jimbo la Saskatchewan, na mwingine mmoja katika kijiji jirani cha Weldon. Mtu huyo alikuwa akitafutwa na sheria tangu miezi kadhaa nyuma. Rizavu haikuwa na polisi wake. Askari walikuwa Melfort, mwendo wa kilomita zipatazo arobaini na kitu. Hatusemi kwamba sheria ndogo ya baraza ingaliyazuia mauaji yale. Hakuna ajuaye. Lakini machifu waliposimama baada ya mazishi wakadai polisi wao wenyewe, walijua wanachokiomba na kwa sababu gani.

Katika jimbo hilo hilo yako mataifa mawili, Muskoday na Whitecap Dakota, ambayo mwaka 2019 yalitiliana mkono na serikali ya jimbo juu ya kuzisimamia sheria zao. Baadaye jimbo likarekebisha sheria yake ya makosa madogo, ili mtu aliyevunja sheria ya taifa la namna hiyo aweze kuandikiwa hati na kufikishwa katika mahakama za jimbo, kwa njia ile ile apitayo mtu aliyeendesha gari mbio mno. Mnaona? Mlima ulioshinda miaka na miaka ulipitwa kwa mabadiliko ya sheria moja ya jimbo, baada ya watu kukaa mezani. Whitecap Dakota sasa wamekwenda mbele zaidi; tangu tarehe 1 Septemba 2023 wana mkataba wao wa kujitawala, na Sheria ya Wahindi, kwa sehemu kubwa, haiwahusu tena.

Kwa mengine mengi, hali ni ile ile. Mwaka 2020 Serikali ya Ottawa iliahidi sheria ya kuufanya upolisi wa Mataifa ya Kwanza uwe huduma ya lazima, kama ulivyo kwa kila mji wa Kanada, usiwe tena wa kuombewa fedha kila mwaka. Machifu walishauriwa, mikutano ikafanywa. Bunge lile lilivunjwa, likaja jingine, nalo la pili likavunjwa mwezi wa Machi 2025, na sheria iliyoahidiwa haikuwa imepita. Mabaraza, kwa upande wao, hayakungoja. Yanaendelea kutunga sheria zake ndogo, kuzitangaza, na kupiga simu kituoni.